Kikohozi cha Gari la Abilahi

Gari la Abilahi lilianza kukohoa Ramadhani ilipokwisha, na mahali pa kwanza alipolipeleka palikuwa Mitwero, kwa Laurenti. Hilo halikuhitaji kufikiriwa. Tangu walipokuwa wote wawili kwenye shirika la malori, Abilahi dereva na Laurenti fundi makanika, hakuna mkono mwingine uliowahi kufungua boneti ya gari aliloendesha Abilahi. Shirika lilipovunjwa na malori yake kuuzwa kwa watu binafsi, kila mmoja alichukua kiinua mgongo chake akashika njia yake. Laurenti alijenga kibanda cha makuti kando ya barabara kuu akakiita gereji. Abilahi aliendesha magari ya watu miaka mingi, mpaka akajipatia la kwake, saluni nyeupe ya Kijapani iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam ikiwa imeshachakazwa na wenyewe huko ilikotoka. Aliifanya teksi pale Lindi mjini. Alilipenda gari lile hata abiria mwenye kapu la samaki alilazimika kulipakata njia nzima.

"Lina kikohozi," Abilahi alisema asubuhi hiyo, akishuka. "Likishapata moto hasa, linashtuka kama mtu aliyepaliwa. Halafu hii taa ya rangi ya chungwa, yenye picha ya injini, inawaka. Nikizima nikawasha tena, taa haipo."

"Liwashe," Laurenti alisema.

Alichukua bisibisi yake ndefu, akagusisha ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Ndivyo alivyofanya tangu ujana wake, na wateja walipenda kumtazama akifanya hivyo. Kulikuwa na wakati chuma kile kilimwambia kila kitu: valvu iliyolegea, beringi iliyoanza kulika, silinda iliyokataa kuchoma mafuta wakati nyingine zinachoma. Sasa kilimletea mvumo tu, kama mvua inayonyesha kijiji cha pili.

Miaka ya kujaribu injini za malori ndani ya karakana ya mabati, sailensa zikiwa zimefunguliwa, ilikuwa imeyala masikio yake kidogo kidogo. Kwanza zilipotea sauti za wadudu wa usiku. Kisha ikapotea kengele ya kanisa, akaanza kuchelewa misa na kusingizia kazi. Kisha sauti za watu zikawa kama zinatoka chini ya blanketi. Laurenti alijifunza kutazama midomo. Alijifunza kuuliza "unasemaje?" kwa sura ya mtu mwenye mawazo mengi. Kwenye gari alijifunza kuweka kiganja juu ya injini na kubahatisha kwa mtetemo. Aliamini kwamba hakuna anayejua, isipokuwa mkewe Monika, na Monika hakuwa mtu wa kutangaza mambo ya nyumbani kwake.

Aliweka kiganja. Injini ilikuwa ndiyo kwanza imechangamka, maana kutoka mjini mpaka Mitwero si mwendo wa kuchosha gari, na mtetemo wake ulikuwa wa kawaida.

"Plagi," alisema.

Alizifungua zote, akaona moja imekuwa nyeusi kuliko nyingine, akamwonesha Abilahi kama daktari anayeonesha jino bovu. Alifunga mpya. Gari liliwashwa tena. Abilahi aliinamisha kichwa kusikiliza, na Laurenti, ambaye siku hizi alisikia kwa kutazama nyuso za watu, aliona kwamba mwenzake amesikia kitu.

"Bado naona kama inaruka moja," Abilahi alisema.

"Plagi mpya hizo. Zinazoea."

Hakuna fundi mwenye akili timamu anayeweza kusema plagi zinazoea. Laurenti mwenyewe aliyashangaa maneno hayo yalipokwisha kumtoka. Abilahi alijikuna shingo.

"Jerome pale stendi, wanasema anazisoma hizi taa. Anaunganisha waya mahali fulani, taa inakonyeza, yeye anahesabu, anajua ugonjwa ulipo. Nilikuwa nafikiri labda…"

Laurenti alibamiza boneti.

"Taa ndiyo ikufundishe injini? Mimi nimefungua injini Jerome hajui hata kufunga kamba za viatu! Taa hizi wametia wenyewe huko ili mtu asitulie na gari lake." Akatoa mfukoni roli la tepu nyeusi ya umeme, akaingiza mkono kwenye dashibodi, akabandika kipande juu ya ile taa. "Haya. Imepona."

Abilahi alicheka. Lakini alimtazama Laurenti kitambo, kicheko kikiwa kimeshakwisha usoni, kisha akasema, "Haya, bwana fundi. Mwenye injini ni wewe," akaondoka.

Jerome alikuwa kijana wa mikono ya Laurenti. Alimpokea shirikani akiwa hajui spana namba ngapi, akamtoa fundi. Shirika lilipokufa Jerome alikwenda Dar es Salaam, akarudi na ujuzi wa magari ya nozeli, yale ambayo hayana kabureta na yanaongozwa na kisanduku cha umeme wanachokiita kontrolboksi. Siku za mwanzo za kurudi kwake alikuja Mitwero kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, hizi gari za siku hizi zikikosea zinaliandika kosa lake ndani. Ukiunganisha tundu hili na hili kwa waya, taa ya injini inakonyeza namba. Nikuoneshe? Si kazi kubwa." Na kipande cha waya kilikuwa tayari mkononi mwake.

Walikuwapo wateja. Laurenti aliwatazama, akasema kwa sauti, "Fundi wa kuhesabu taa aende akaajiriwe kwenye mnara wa taa ya kuongozea meli." Watu waliangua kicheko. Jerome naye alicheka, kwa adabu, akarudisha waya mfukoni. Hakulirudia tena neno hilo.

Baadaye, ilipokuwa haisaidii tena, Laurenti alikuja kulipima jambo hilo na likamchoma kuliko mengine yote. Kusoma taa hakutaki masikio. Kunataka macho, na macho yake yalikuwa mazima kama ya kijana. Kitu ambacho kingemwokoa kililetwa mpaka kibandani kwake na mtu anayempenda, naye akakifanyia mzaha. Aliogopa kwamba siku atakapoanza kutazama taa, watu watauliza bisibisi yake imekuwaje.

Gari la Abilahi lilirudi baada ya wiki chache. Laurenti alibadilisha waya za plagi. Likarudi tena. Akasafisha chujio la hewa, akakaza kila kilichokazika, akasema mafuta ya vituo vya njiani yamechanganywa na maji. Kila mara gari lilikuja likiwa halijapata moto wa kutosha, kila mara mtetemo chini ya kiganja ulikuwa wa kawaida, na kila mara Abilahi alisikiliza, akakunja uso kidogo, akashukuru, akaondoka. Monika aliwatazama siku moja kutoka mlangoni, na jioni, wakila, alimwambia mumewe kwa sauti ya kutosha, "Baba Debora, mwambie rafiki yako ukweli."

"Ukweli gani?"

"Wewe unaujua."

"Hujui mambo ya magari," Laurenti alisema, akaendelea kula.

Kisha ikafika ile asubuhi.

Abilahi hakuegesha kama kawaida yake, kwa kurudi kinyumenyume kivulini. Alisimamisha gari katikati ya uwanja, akashuka bila kuzima. Alivaa kanzu na kofia, na macho yalikuwa mekundu.

"Lau, mama kazidiwa. Wamepiga simu pale dukani kwa jirani. Dada yangu Somoe anasema kila akifumbua macho anauliza, 'Abilahi yuko njiani?'"

"Masikini mama! Sasa basi…"

"Basi limeshapita. Nakwenda na gari. Lakini jana limenizimikia sokoni, likakaa, ndipo likakubali kuwaka." Alifungua boneti mwenyewe. "Sikiliza, uniambie. Kutoka hapa mpaka kwa mama, Kiswere, litanifikisha?"

Kibandani walikuwapo watu watatu wanne waliokuja na pikipiki na mashine ya kusaga. Wote walimtazama fundi. Laurenti alishika bisibisi, akainama, akaweka mpini sikioni. Mvumo. Aliweka kiganja. Injini ilitetemeka chini ya ngozi yake kama injini nyingine zote duniani. Alipoinua uso aliona Abilahi anamtazama, si mikono yake bali macho yake, kwa namna ya mtu anayesubiri aambiwe kitu kingine kabisa.

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema, rudi mjini kwa Jerome, ni karibu, alitazame upesi ndipo uondoke. Maneno hayo yalimfika mpaka kooni. Akaona wale watu wamesimama, akayameza.

"Litakufikisha."

"Una hakika?"

"Nimelisikia. Nenda, Mungu akutangulie."

Abilahi aliitikia kwa kichwa. Alifunga boneti polepole, kwa mikono miwili, akaingia garini, akaelekea kaskazini.

Siku ile Laurenti alifanya kazi vizuri, tena kwa furaha. Habari zilimfika kesho yake, zililetwa na utingo wa basi lililotoka Nangurukuru. Utingo alizungumza haraka, midomo haikukamatika, na Laurenti alilazimika kumfanya arudie. Mama yake Abilahi amefariki. Hilo alilielewa. Amezikwa jana hiyo hiyo. Hilo nalo alilielewa.

"Abilahi aliwahi?"

Utingo alitikisa kichwa.

Gari lilizimika mbali, ng'ambo ya Mchinga, mashamba ya mikorosho yanapokwisha na pori linapoanza, kwenye vile vilima ambako hakuna nyumba. Abilahi alilingoja lipoe. Likawaka, likaenda kidogo, likakohoa, likazima. Akalingoja tena. Kila mara lilikwenda kipande kifupi kuliko cha kwanza, mpaka likakataa kabisa. Hiyo ilikuwa enzi ya ujenzi wa barabara, na siku hiyo wakandarasi walikuwa wamefunga njia mbele wanapasua mwamba, kwa hiyo hapakupita gari la kwenda wala la kurudi. Alitembea juani na kanzu yake mpaka bauza la maji la wakandarasi lilipomkuta likamchukua. Walimngoja pale kijijini tangu adhuhuri. Waliswali alasiri, wakangoja kidogo tena, lakini maiti haingojeshwi zaidi ya hapo. Alipofika, aliwakuta watu wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani.

Laurenti aliketi juu ya tairi kuukuu. Mteja wake alimsemesha, akamsemesha tena, kisha akaenda zake.

"Tunakwenda," Monika alisema alipoambiwa. Hakusema la ziada. Alitoa khanga yake ya misiba sandukuni, akafunga mchele na sukari, na asubuhi wakapanda basi.

Waliliona gari njiani. Lilikuwa limesukumwa pembeni, jeupe, vumbi limelipaka mpaka madirishani, na mtu alikuwa ameweka matawi mabichi nyuma yake kuwaonya madereva. Basi lilipita bila kupunguza mwendo. Laurenti aligeuza shingo akalitazama mpaka likafichwa na kona.

Kiswere walikuta mikeka imetandikwa nje na wanaume wameketi. Monika aliingia ndani kwa wanawake, na sauti za kilio zikapanda kumpokea, Laurenti akaziona kwa jinsi wanaume walivyoinamisha vichwa. Alitoa mkono wa pole kwa kila mtu. Abilahi alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha karibu naye, akamletea maji mwenyewe. Hakuna aliyemnyooshea fundi kidole. Mjomba mmoja alimuuliza tu kama kule Lindi mvua zimenyesha.

Walipokwisha kula, Abilahi alimgusa bega. Wakazunguka nyuma ya nyumba, mahali palipoanikwa mihogo juu ya mwamba. Abilahi alisimama upande wa kushoto wa Laurenti, karibu kabisa, na ndipo ikampitia Laurenti kwamba rafiki yake husimama upande huo siku zote. Sikio la kushoto ndilo lenye nafuu.

"Abilahi, lile gari," alianza. "Mimi siku ile nilikwambia nimelisikia…"

"Najua."

"Hujui. Ngoja niseme."

"Najua husikii, Lau." Abilahi alisema hivyo bila ukali. "Nimejua tangu zile mvua za El Nino. Unakumbuka tulivyokwama Mbwemkuru? Ulikuwa mbele yangu unapima kina. Nikaona maji yanakuja, nikakuita. Nikakuita kwa nguvu zangu zote, na wewe unazidi kwenda. Mpaka nikakurupuka nikakukamata shati."

Laurenti alikumbuka lile shati lililochanika. Alidhani Abilahi alifanya vile kwa woga wake tu.

"Sasa ulijua," alisema. "Ulijua, na gari ukaniletea mimi. Kwa nini?"

Abilahi alichezea kipande cha muhogo kwa ncha ya kiatu.

"Ningelipeleka kwa Jerome, mji mzima ungesema hata Abilahi kamwacha. Nani angebaki? Nilisema mwache alijaribu, akibahatisha atapata. Na likinizimikia mjini, watu wapo, litasukumwa. Ile siku nilikuja nikasema labda leo ataniambia mwenyewe. Nikakutazama. Nilitaka uniambie sijui, Lau. Ungesema sijui, ningegeuza gari pale pale."

"Ungenishika shati tena," Laurenti alisema.

"Siku hiyo nilikuwa na haraka."

Ndani ya nyumba mtu alikuwa anasoma Kurani. Laurenti alilijua hilo kwa sababu Abilahi aliinamisha kichwa, akangoja, kisha akainua tena.

"Sikulaumu peke yako," Abilahi aliendelea. "Mimi masikio yangu mazima. Nilipokuwa natoka pale kwako injini ilikuwa inamisi, inaruka moja, naisikia kabisa, tena naijua. Nikaondoka nayo. Somoe anasema mama alipofumbua macho mara ya mwisho hakuuliza tena kama niko njiani. Aliuliza, 'Hajaja?'" Alipangusa uso kwa upindo wa kanzu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. "Huu hapa. Ukifika mjini mpe Jerome alitazame."

Alilitaja jina la Jerome bila kinyongo na bila kusita. Laurenti angeona nafuu zaidi kama angetukanwa.

Jerome alikuwa chini ya gari Laurenti alipoingia gereji yake karibu na stendi. Alitoka upesi, akafuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jerome, masikio yangu yamekwisha." Hakuwahi kuyasema maneno hayo kwa mtu yeyote, na yalipotoka yalikuwa mepesi mno, akashangaa kwa nini aliyabeba muda wote ule. "Gari la Abilahi liko porini, njia ya Kiswere. Nataka twende unioneshe hiyo taa. Na lile neno la mnara, nililokutolea mbele za watu, unisamehe."

"Ah, mzee, hayo yameshapita," Jerome alisema. Alikuwa ameona haya, akaanza kutafuta funguo za pikapu ambazo zilikuwa mkononi mwake.

Walipofika, Jerome aliondoa yale matawi, akafungua boneti, akatafuta kisanduku kidogo cheusi kilichokuwa karibu na betri, akafungua kifuniko chake. Ndani mlikuwa na vitundu vingi vidogo. Alikunja kipande cha waya akachomeka ncha zake katika vitundu viwili.

"Ingia wewe, mzee. Fungua swichi, lakini usiwashe injini. Utazame wewe mwenyewe."

Laurenti aliketi kwenye kiti cha Abilahi. Kilikuwa kimerudishwa nyuma kwa miguu mirefu ya Abilahi. Alibandua ile tepu nyeusi. Jua lilikuwa limeiyeyusha gundi na ikaacha utando unaonata juu ya kioo. Akafungua swichi.

Taa ikawaka mara moja, ikazima. Ikatulia. Ikawaka mara nne, upesi upesi, ikatulia kwa kitambo kirefu zaidi. Kisha ikaanza upya: moja, nne.

"Unaona nini?" Jerome aliuliza, amesimama mahali ambapo mdomo wake ulionekana.

"Moja. Halafu nne."

"Kumi na nne. Hiyo ni cheche. Kontrolboksi inatoa amri plagi zipewe umeme, kisha inangoja irudishiwe jibu kwamba umeme umekwenda. Jibu lisiporudi, inafunga mafuta, gari linazima. Ni kile kidude pale kwenye koili, mzee. Kikipata joto kinalala, kikipoa kinaamka. Ndiyo maana ukilishika likiwa halijachemka huoni kitu. Hata mwenye masikio asingejua ni kipi."

Alisema hilo la mwisho kwa kumhurumia, na Laurenti alilielewa hivyo.

"Taa ilijua tangu lini?"

"Mzee, mambo haya…"

"Nijibu, mwanangu."

Jerome alitazama pembeni, kwenye pori. "Tangu ilipowaka mara ya kwanza. Hata ukizima gari, kosa linabaki limeandikwa mpaka mtu alifute."

Laurenti aliitazama taa. Ilikuwa inarudia neno lake lile lile bila kuchoka na bila kupandisha sauti, na siku zote zile, Abilahi alipokuwa akija na kuondoka, mtu ambaye angechomeka waya angelipata. Moja, nne. Jerome alimwacha. Baadaye ndipo alipoinama dirishani akasema, kwa upole, kwamba wakiendelea hivyo betri itakwisha.

Walilivuta mpaka Lindi. Jerome alipata kile kidude kwenye gari bovu lililokuwa uani kwake, akakifunga kabla ya chai kupoa, na injini ikazunguka vizuri, kwa jinsi walivyosema waliokuwa wanasikia.

Abilahi alirudi mjini arobaini ya mama yake ilipokwisha. Alilichukua gari, akalijaribu mpaka uwanja wa ndege na kurudi, akasema limepona kabisa. Lakini hakuliweza tena. Alimwambia Monika, siku alipoleta salamu za Somoe, kwamba akiwa peke yake ndani ya gari lile huwa anasikiliza kikohozi ambacho hakipo, na anaposikiliza hawezi kufikiri jambo lingine. Alimpa dereva mwingine aliendeshe, kisha akaliuza kwa mtu wa Sudi. Yeye akaajiriwa na wale wale wakandarasi wa barabara, akawa anaendesha tipa la kifusi, kwenda na kurudi, vumbi tupu.

Laurenti hakufunga gereji. Mteja akija, humwambia kabla ya kusalimiana vizuri: "Mimi sisikii. Liwashe, halafu wewe uniambie unasikia nini." Wengine waligeuza magari yao wakaenda mjini, na aliwaona wakicheka wakiwa wanaondoka, kicheko kile kile alichokiogopa, akakuta hakina uzito wowote. Wengine walibaki. Jerome alimfundisha namba, naye akazishika upesi, maana alizijua injini na alihitaji tu kuambiwa aanzie wapi. Yako magari yaliyopita mafundi wawili watatu ambayo Laurenti aliyatengeneza kwa kuitazama taa tu, mkono umeegemezwa mlangoni. Watu walimsifu. Kila waliposifu alikumbuka kwamba somo lenyewe halikumchukua hata mchana mmoja.

Yeye na Abilahi hawakugombana. Wakikutana husalimiana kwa mikono miwili na kuulizana habari za nyumbani. Iddi ilipofika, sahani ya pilau ilikuja Mitwero kama kila mwaka, imefunikwa kwa kawa, na Krismasi Monika alipeleka ya kwake. Lakini Abilahi hakuja tena kukaa kibandani alasiri, na Laurenti alipokwenda kumtembelea walizungumza habari za daraja la Rufiji, na lami imefika wapi, mpaka maneno yakawaishia na Laurenti akasema usiku unaingia, wakati jua lilikuwa bado liko juu. Mara nyingi alitaka kumwambia, nigombeze, unitukane, ndipo tuanze upya. Hakupata pa kuanzia. Abilahi alikuwa ameshamsamehe pale nyuma ya nyumba Kiswere, na mtu aliyeshakusamehe utamwomba nini tena?

Asubuhi moja ya kiangazi Laurenti alikuwa ameinama ndani ya injini ya pikapu, mgongo kwa barabara. Mwenye pikapu, mwanamke mfanyabiashara wa ufuta aliyeitwa Apolonia, alimgusa mkono, akaelekeza kidole barabarani.

"Abilahi huyo amepita na tipa," alisema, akihakikisha midomo yake inaonekana. "Amekupigia honi."

"Lini?"

"Sasa hivi. Amepiga, amepunguza mwendo, akapiga tena. Nikadhani mmekubaliana hivyo."

Laurenti alitoka mbio mpaka ukingoni mwa lami mpya. Tipa lilikuwa limeshafika kule barabara inapokunja kuelekea Mchinga, dogo, mgongo wake wa chuma unang'aa. Aliinua mkono wake wenye oili juu kabisa, akaushikilia hapo, hata baada ya tipa kupotea, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua kama dereva anatazama kioo cha pembeni.